Zaituni Alipowekwa Benchi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka husema alhamdulillahi. Nilikuwa jikoni kwa dada yangu Mwanaisha, hapa Edmonton, London, naye katoka zamu yake ya kuhudumia wazee, hata viatu hajavua. Simu ikalia. Alikuwa binti yake, Zaituni, akipiga kutoka chuoni Marekani.

Zaituni huyu mnayemshangilia leo, sisi tulimjua akikunja mabega kwa kuonea haya urefu wake. Mwalimu mmoja wa sekondari akampa mpira wa kikapu, na mtoto akanyooka mgongo. Jumamosi nilikuwa nampeleka Stratford mazoezini, mvua inyeshe isinyeshe. Mikono yake, we! Mpira ukimfikia ulikuwa umefika kwao. Shule yake ikashinda, jina likavuma, chuo kikamchukua bila ada. Siku ya kumuaga tulikula biriani mpaka majirani Wazungu wakaomba sahani.

Sasa yumo kwenye simu analia. "Mum, nataka kurudi. Kocha hanichezeshi. Kila mechi niko benchi."

Mimi mjomba moyo ukalainika, nikataka kumwambia arudi. Dada akaninyamazisha kwa mkono.

"Anayecheza nafasi yako ni nani?"

"Msichana wa mwaka wa mwisho."

"Anafanya nini ambacho wewe hufanyi?"

"Sijui, mama. Simtazami yeye. Namtazama kocha, ataniita lini."

"Basi mtazame yeye. Ukishajua, nipigie, tuzungumze habari ya kurudi."

Alipiga baada ya mechi iliyofuata, sauti nyingine kabisa. "Mama, yule hasimami! Hata akiwa hana mpira anakimbia, anawafungulia wenzake njia. Mimi nisipokuwa na mpira nasimama tu." Habari ya kurudi hakuigusa. Akamwendea yule msichana akamwomba amfundishe, na yule, Mungu amzidishie, akakubali. Wakawa wakifanya mazoezi pamoja kila asubuhi. Alipohitimu mwenzake, nafasi ikawa ya Zaituni, na kwa miaka iliyobaki hakuna aliyemtoa.

Leo analipwa kwa kucheza, huko Hispania. Tulikwenda kumwona kwenye mechi yake ya kwanza. Nilitarajia afunge sana, hakufunga sana. Lakini mpira ulipokuwa unatoka nje na wote wameukatia tamaa, alijirusha sakafuni akaurudisha. Uwanja mzima ukasimama. Dada yangu, mtu wa kunong'ona maisha yake yote, akapiga vigelegele katikati ya Wahispania!

Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukiwekwa pembeni, usishinde ukimkodolea macho mwenye kupanga. Mtazame aliyekutangulia, ujue ana nini, kisha mwendee akufunze, wala usimhusudu. Na usiposhika mpira, usisimame.

Mola akujaalie mtu wa kukuuliza swali gumu siku unayotaka kupepewa, na akupe moyo wa kulijibu. Amin.