Salamu Nilizozikata

Nilifundishwa kwamba jambo kuu huwekwa kwenye sentensi ya kwanza, kwa hiyo naliweka: mama yangu alikufa akimngoja kaka yangu, na kaka yangu hakuja kwa sababu yangu. Yaliyobaki ni maelezo. Mwalimu wangu alikuwa akisema msomaji akichoka aweze kuondoka baada ya sentensi hiyo bila kupoteza kitu. Anayetaka kuondoka na aondoke.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na mtandao ulikuwa mgeni Mombasa. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka Barabara ya Digo. Kompyuta zilikuwa sita na sisi wanafunzi kumi na wanne, kwa hiyo tulibanana wawili wawili na watatu watatu mbele ya kila kioo, tukifundishwa jinsi ya kuwaandikia watu watakaotusoma humo humo kwenye kioo. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Rabai, aliyewahi kufanya kazi gazetini. Alikaa Likoni, na kila asubuhi alivuka Feri na kuingia darasani jasho likimtoka, akaanza kufuta maneno yetu hata hajaketi.

"Huyu unayemwandikia hajakaa kwenye kochi," alikuwa akisema. "Amesimama, ana haraka, na kidole kiko tayari kuufunga ukurasa wako. Utamwambia nini kabla hajaufunga?"

Nilimpenda mwalimu huyu, na lazima niseme hivyo mapema asije akadhaniwa vibaya. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa Kibokoni aliyemaliza shule akakaa nyumbani kungoja posa, na yeye alikuwa mtu wa kwanza kuyashika maandishi yangu akayapima kama kazi. Zoezi letu la mwaka lilikuwa moja tu. Kila mtu achague msomaji mmoja wa kweli aliye mbali, amwandikie barua pepe kila wiki, na msomaji huyo aseme kama ameisoma mpaka mwisho. Barua nzuri zingewekwa kwenye ukurasa wa chuo, zisomwe na watu wa Mombasa popote walipo duniani. Mimi nilimchagua kaka yangu.

Kaka alikuwa na mwaka wa tano Uingereza. Zamani alikuwa karani wa kampuni ya malori kule Shimanzi. Sasa alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na maktaba ya mtaa wao ilikuwa ikimpa kompyuta kwa nusu saa. Mpaka wakati huo aliyekuwa akimwandikia ni mama, kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wake umelala upande mmoja. Halafu macho ya mama yakaingia ukungu, akawa hauoni mstari. Tukaafikiana kwamba yeye atataja, mimi nitaandika kwenye daftari, kisha nitakwenda kuipiga barua chuoni.

"Na siku iyo iyo yafika?" aliniuliza.

Nikamwambia siku hiyo hiyo.

"Basi ni kama niko naye," akasema, na uso ukamchangamka.

Barua ya mama ilikuwa na salamu nyingi kuliko habari. Aliwataja watu mmoja mmoja: shangazi, majirani wa mlango wa kulia na wa kushoto, muuza kahawa anayepita barazani, mpaka kitoto kilichozaliwa jana ambacho hakijui hata kumfumbulia macho mamake. Akusalimu fulani, akusalimu fulani. Kwetu salamu uliyotumwa ni amana, ukiibeba huna budi kuifikisha, na aliyeletewa hana budi kuiitikia. Hayo niliyajua tangu madrasa.

"Salamu zote hizi za nini?" mwalimu aliniuliza alipoiona barua ya kwanza. "Msomaji wako ana nusu saa."

Niliona haya kusema kwamba yale maneno ni ya mama yangu. Nilimwacha aamini ni yangu mimi, naye akayafuta kama alivyokuwa akifuta ya kila mtu. Barua ya kurasa mbili ikabaki mistari mitano, na salamu zote zikawa maneno mawili: wote wanakusalimu.

Kaka akajibu kesho yake. "Sasa umejua kuandika," alisema. "Nimesoma mpaka mwisho na dakika zimebaki." Mwalimu aliiweka barua ile kwenye ukurasa wa chuo, na mtu asiyenijua, yuko Kanada, akaandika kwamba mistari yangu mitano imemrudisha nyumbani. Nikavimba kichwa. Tangu hapo sikumhitaji mwalimu anifutie. Nilikuwa nikifuta mwenyewe njiani, daftari mkononi na kalamu imefunguliwa, kabla sijafika kwenye lile duka la vitambaa.

Mwaka ule ule mama alianza kuugua. Daktari alisema moyo umechoka, akampa vidonge, akamkataza chumvi na ngazi. Chumvi aliiacha. Ngazi haikuwezekana, maana nyumba zetu za Mji wa Kale ni ngazi tupu. Tulipotoka kwa daktari alinishika mkono.

"Nduguyo asiambiwe," akasema. "Ataiwata kazi yake kwa sababu yangu."

Nikamwapia, kaka asije akaacha kazi. Kiapo hicho nilikitunza, na ndicho kinachonitesa zaidi, kwa kuwa nilidhani kukitunza kunatosha.

Maana mama mwenyewe alikuwa akimwambia kaka. Hakusema "naugua, njoo". Asingesema hivyo hata nyumba ikiwaka moto. Alitaka mwanawe aje kwa kuelewa, si kwa kuitwa, na alikuwa akimwambia kwa namna ambayo mtoto aliyemlea yeye angeisikia mara moja. Daftari ninalo mpaka leo, na hapa nanakili.

"Mwambie mahamri ya Idi mwaka huu tumenunua." Mama hakuwahi kununua mahamri maishani mwake, aliyakanda mwenyewe, na wanawake walionunua aliwateta mpaka wakakoma kupita mlangoni petu. Mimi niliandika: Idi imepita salama.

"Mwambie ngazi ya nyumba hii naiona imezidi vidato." Hii niliifuta huku natabasamu, nikiona kwamba msomaji wa mbali atajiuliza vidato vimezidije. Niliandika: nyumba ni ile ile.

"Mwambie nimehamia chumba cha chini." Nyumba yetu ina ghorofa mbili, na upepo wote uko juu. Chumba cha chini hakina dirisha la maana. Ndimo alimolazwa babu aliposhindwa kupanda ngazi, akafuatia bibi, na wote wawili walitolewa humo wakipelekwa makaburini. Hakuna mtu wa nyumba ile asiyejua maana ya kuhamia chini. Mimi mwenyewe ndiye niliyemteremshia godoro, nikamtandikia, nikamwekea gudulia la maji pembeni, na yote hayo niliyafanya kama kazi nyingine yoyote ya nyumbani. Nilipofika kwenye kompyuta niliiona ni sentensi isiyo na habari. Niliandika: hapa wote wazima, mvua zimeanza.

Mwalimu aliisoma hiyo mbele ya darasa. "Tazameni," akasema, "maneno matano tu, na mvua unaisikia."

Jibu la kaka lilipokuja, mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akiningoja.

"Asemaje juu ya chumba?"

Ningeweza kumwambia kweli. Ningeweza kurudi chuoni kesho yake nikaipiga sentensi ile nzima kama alivyoitaja, na barua ingefika siku ile ile, kama nilivyomwahidi. Lakini ningelazimika kwanza kukiri kwamba kwa miezi saba nilikuwa nikimkata.

"Amesema vyema, mama."

"Vyema?"

"Amesema afadhali, hutapanda ngazi tena."

Akapandisha miguu kitandani, akajifunika. "Haya," akasema. "Kama ana kazi, ana kazi."

Hakumtaja tena siku ile. Barua zilizofuata alizipunguza mwenyewe. Salamu zikawa chache, habari zikawa za kawaida, na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba kazi yangu imekuwa nyepesi.

Alifariki asubuhi moja, mvua zimekwisha, akazikwa alasiri ya siku ile ile. Ami yetu ndiye aliyempigia kaka simu. Kaka alifika siku ya nne, na mkoba mdogo tu. Akapokewa na wanaume barazani, akalia nao, kisha akaingia ndani. Nilidhani ataniuliza alivyokufa. Alisimama mlangoni mwa chumba cha chini akitazama kitanda ambacho hatujakiondoa.

"Alikuwa akilala humu?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza," nikamwambia.

Akatia mkono kwenye mfuko wa koti akatoa karatasi zilizokunjwa. Barua zangu zote alikuwa akizichapisha pale maktaba, na maneno yake yote yakiunganishwa yasingejaza kurasa nne. Alizipekua mpaka akaipata ile ya mvua, akaisoma, akaisoma tena.

"Mama angeniambia," alisema. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa akinitazama kana kwamba nimeweka kitu chake mahali akakikosa. "Angekuwa na namna yake ya kuniambia. Mbona hakuniambia?"

Nikapanda juu kuleta daftari. Nilifikiria kulificha, sitasema uongo. Nililifikiria hilo nikipanda na nikateremka nikilifikiria. Nilipompa hakulishika.

"Nisomee," akasema. "Kama alivyotaja."

Nikaanza barua ya kwanza kabisa. Nilisoma salamu za shangazi, za majirani wa kulia na wa kushoto, za muuza kahawa, za kile kitoto ambacho sasa kilikuwa kikitambaa. Kila salamu niliyoitaja kaka aliiitikia kwa sauti, kama mtu anavyotakiwa kuitikia salamu aliyoletewa, "Aleika wa aleihi salaam," moja baada ya nyingine, karibu mwaka mzima tangu zitumwe. Baadhi ya wenye salamu hizo walikuwa pale nje barazani wakingoja kisomo cha khitma, nao hawajui kwamba ndiyo kwanza wanaitikiwa.

Tulipofika kwenye mahamri ya Idi alifumba macho. Kwenye vidato vya ngazi alikaa sakafuni, akaegemea kitanda. Nilipomsomea chumba cha chini aliinua mkono nikanyamaza.

"Alijua kwamba haya hayakunifika?"

Nilielewa anachouliza. Kama mama alijua barua zinakatwa, basi alikufa akimkasirikia mwandishi. Kama hakujua, alikufa akimwona mwanawe amesoma kila neno, amejua yuko chumba cha chini, na hakuja. Neno moja la uongo lingemtosha kaka maisha yake yote, na mimi nilikuwa hodari wa kubadilisha maneno. Siku ile nilishindwa.

"Hakujua," nikasema. "Alidhani umesoma."

Kaka akainuka pale sakafuni, akajikung'uta kanzu, akatoka kwa wanaume. Khitma ikasomwa. Nilikuwa nikiisikia sauti yake kati ya sauti za wenzake.

Baada ya arobaini nilirudi chuoni kumaliza masomo. Nikamweleza mwalimu mambo yote tukiwa wawili tu, pengine kwa kutaka lawama tugawane. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake akaiweka mezani.

"Mimi nilikufundisha kupunguza maneno yako, mwanangu," akasema. "Mbona hukuniambia ni ya mamako?"

Hakuyasema kwa ukali. Alinipa cheti, na kwa cheti hicho nilipata kazi, nayo ndiyo ninayoifanya hata sasa, kukata maneno ya watu yaingie kwenye kioo. Wakubwa wangu wanasema nina mkono mzuri.

Kaka alirudi Uingereza. Hakunilaumu hata mara moja, wala daftari lile hakulitaja tena. Ananiandikia karibu kila mwezi, miaka yote hii, na jambo kuu huliweka kwenye sentensi ya kwanza: amehama kazi, ameoa, amepata mtoto wa kike na amempa jina la mama. Mistari miwili, au mitatu. Mimi humjibu kwa kirefu, na mwisho humtajia salamu za kila mtu aliyebaki mtaani, mmoja mmoja, kama mama alivyokuwa akizitaja, na yangu huiweka ya mwisho. Hajaiitikia hata moja.