Spika ya Kulia

Mama aliposhikilia kwamba mdogo wangu analia huko Uarabuni, hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Dada yangu huyo anafanya kazi za nyumbani huko, na kwa kuwa saa zake za kupumzika hazieleweki, hututumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Mama naye masikio yamechoka. Akiiweka simu sikioni, kile kispika kidogo kinakwaruza, na anachoambulia ni pumzi zinazokatika-katika.

"Analianga huyu," akasema. "Nyinyi mnanifichanga tu."

Nilimwapia kwamba anacheka. Nikamtafutia vile visikizio vya kuvaa, akavivua akidai vinamwasha. Mimi subira sina, na siku moja nikamwambia kwa ukali kwamba kama haniamini, basi amuulize mwenyewe.

"Nimuulize nini? Mtoto gani atamwambia mamake kwamba analia?"

Usingizi ulikuwa umemkimbia Mama, na alichotaka ni kimoja tu: nimwandikie dada aache kazi arudi nyumbani. Kazi yenyewe dada aliisaka muda mrefu, na alikuwa anaipenda. Sikujua nimsikitikie nani kati yao wawili.

Spika nzuri pekee tulizokuwa nazo ni za gari langu, mkweche ambao redio yake bado ni ya kaseti. Nikampakia Mama mpaka sokoni Lubao kwa fundi wa redio, nikamweleza nataka tundu la oksi, pale pa kuchomeka waya wa simu.

"Madam, si ununue tu ledio mpya?"

"Gari lenyewe ni zee, nilivalishe koti jipya la nini?"

Akacheka, akaichomoa redio kwenye dashibodi na kuifungua tumbo. Alitafuta nyaya zinazopeleka sauti kutoka kwenye kaseti, akachomelea zake hapo, ya kushoto, ya kulia na ya athi, ile ya ardhi. Kisha akasema lazima kaseti tupu iwe inazunguka mle ndani, redio idhani inacheza kaseti, la sivyo itanyamaza. Habari za kuidanganya redio zilimfurahisha Mama, ambaye alikuwa ameketi kiti cha mbele na mkoba mapajani, kama anayesubiri kuitwa na daktari.

Tukachomeka simu. Fundi akazima spika ya kushoto ili apime upande mmoja mmoja, nami nikabonyeza ujumbe wa dada. Sauti yake ikajaa gari. Alikuwa anasimulia jinsi mtoto wa mwajiri wake alivyojaribu kusonga obusuma, ugali wetu, mwiko ukakwama, sufuria ikainuka nao. Hapo akashindwa kuendelea.

Fundi akainama dirishani. "Kukhu," akamwita kwa heshima, kama tunavyowaita bibi zetu, "unasikia kulia?"

Mama alikuwa amelaza kichwa upande sauti ilikotoka. "Hapana," akasema polepole. "Sisikii kulia."

Fundi akasonya, akachukua bisibisi aanze kufungua upya. Nikamshika mkono.

"Sisikii kulia," Mama akarudia, na uso wake ukaanza kukunjuka. "Ni kucheka. Anacheka mpaka anakosa pumzi, vile alikuwanga akitaniwa na babake."

Fundi akanitazama, hajui kama spika ni nzima au imekufa. Nikamwonyesha kwa mkono tu kwamba aache. Nilimpenda Mama wakati ule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Fundi alipofungulia spika zote, tukausikiliza ujumbe ule tena, kisha ule uliotangulia, na mwingine wa kabla yake. Mama alicheka mahali pale pale dada alipocheka. Nilipowasha gari, nikamuuliza kama bado nimwandikie arudi.

"Aje kufanya nini?" akasema. "Mwache acheke kwanza."