Nilimwambia Mama Neema Niko Njiani

Mimi ni mwongo. Naanza hapo hapo, kwa sababu nikianza kujitetea nitajitetea mpaka karatasi iishe, na mimi naandika polepole. Niliishia darasa la saba. Barua hii imenichukua jioni nyingi, na kila jioni hasira yangu imekuwa kubwa kuliko ya jana yake.

Wala siyo hasira ya machozi. Ni hasira ya kutaka kujizaba kofi!

Nilikuja London kutoka Mwanza nikiwa bado kijana mdogo, nikakaa kwa mjomba wangu huku Neasden. Kazi yangu ni kuosha vyombo kwenye mgahawa. Nina aibu kupita kiasi. Kengele ya basi ikiharibika, ni afadhali nipitishwe vituo viwili nirudi kwa miguu kuliko kupaza sauti nimwambie dereva nashuka. Muikumbuke aibu hiyo, maana ndiyo iliyoniponza. Aibu na ujinga.

Ghorofa ya juu yetu aliishi Mama Neema, Mkongo wa Bukavu. Alikuja kama mkimbizi, peke yake. Aliponiona nakula mkate mkavu kwenye ngazi, aliniita juu akanipa bugali na sombe, yaani kisamvu chao, na tangu siku hiyo akawa ananiita "mutoto yangu". Sikuwa na mtu mwingine hapa aliyeniita hivyo. Mjomba aliniita "wewe".

Mama Neema alikuwa akimtunza mzee mmoja wa Kihindi kule Kingsbury, Mzee Kanji. Mzee huyo alizaliwa Mwanza kama mimi, Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi na hakuweza kuachwa peke yake hata kidogo. Mara nyingi nilikwenda kukaa naye Mama Neema akitoka kwenda dukani. Tulizungumza habari za samaki na mawe ya ziwani, naye alicheka mpaka akakohoa.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Mwaka 1999, mwezi wa sita, ulikuja uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Mimi nilikuwa na kadi ya kura, mjomba alikuwa ameniandikisha. Sisi Watanzania, kwa sababu Mwingereza alitutawala, tunaruhusiwa kupiga kura hapa hata bila pasi yao. Mama Neema hakuwa na bahati hiyo. Yeye alingoja miaka minane mpaka akapewa uraia, na kura hii ndiyo ilikuwa ya kwanza kwake.

Nasema ya kwanza, lakini mwenyewe aliniambia kwao aliwahi kupiga. "Walituita uwanjani," alisema. "Kadi ya kijani ni kumukubali mukubwa, kadi nyekundu ni kumukataa. Na askari amesimama hapa, karibu na sikio yako. Weye ungechukua gani?"

"Ya kijani, Mama."

"Basi! Hiyo ni kura? Hiyo ni kupigwa mutu, siyo kupiga kura!"

Tulicheka. Kisha akanionyesha kadi yake mpya, ameiweka ndani ya Biblia. Nikamwuliza mbona anahangaika hivyo kwa bunge ambalo hata Waingereza wenyewe hawalijali. Mgahawani kwetu hakuna hata mmoja aliyepanga kwenda. Meneja alisema hajui hata ni siku gani.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga.

"Bunge iko wapi?"

"Ubelgiji, nasikia."

"Baba yangu alichapwa fimbo na Mubeleji, mbele yetu sisi watoto, sababu ya kodi. Hakuna siku Wabeleji walimuuliza anataka nani. Sasa miye, binti yake, nitatuma mutu Bruseli! Nitaingia kwa kale kajumba ka kura peke yangu, bila askari, na nitatuma mutu akae kwao!"

Alisema hivyo akijipigapiga kifua. Nikaona kuwa kwake jambo hili lilikuwa kubwa kuliko pasi yenyewe.

Tatizo likaja. Mtoto wa Mzee Kanji na mkewe walipata msiba Leicester. Wakamwomba Mama Neema alale na mzee Jumatano, akae naye na Alhamisi yote mpaka warudi usiku. Alhamisi ndiyo siku ya kura, na kituo chake kilikuwa shule ya huku kwetu Neasden. Alitaka kukataa. Mimi ndiye niliyemwambia asikatae.

"Nitakuja saa kumi na mbili jioni," nikasema. "Wewe nenda ukapige kura yako, mimi nitakaa na mzee."

"Kweli, mutoto yangu?"

"Haki ya Mungu, Mama."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nayaandika ili nisiweze kuyakimbia.

Alhamisi nilitoka kazini mapema. Nikapita kwa kinyozi mmoja wa Kitanzania ninyolewe nywele tu, nionekane nadhifu mbele ya mzee. Pale kuna vijana wakubwa wanashinda wakicheza karata. Siku nyingine zote hawakunitazama. Siku hiyo walikuwa wamepungukiwa mtu mmoja.

"Dogo, kaa hapa."

Mimi! Wananiita mimi! Nikakaa. Nikajiambia mzunguko mmoja tu. Kulikuwa hakuna karatasi ya kuandikia alama, nikatoa mfukoni kadi yangu ya kura, nikawapa. Waliandika alama za karata juu ya kadi yangu ya kura. Nikiona kalamu leo nakumbuka.

Ilipokaribia saa kumi na mbili niliinuka kidogo kwenye kiti. Yule kinyozi akauliza naenda wapi. Ningeweza kudanganya hapo, ingekuwa heri! Nikasema ukweli, kwa sauti ya chini.

Wakaangua kicheko.

"Kura ya Ulaya? Si tupo Ulaya tayari, bwana!"

"Yaani umlee babu wa Kihindi ili mama wa Kikongo akawachagulie Wazungu bunge? Dogo, umerogwa!"

"Wenyewe Wazungu wamelala makwao. Kaa chini, acha ushamba."

Nikakaa chini. Ndugu zangu, nilikaa chini! Mlango ulikuwa wazi hatua chache kutoka nilipo, na hakuna aliyenishika shati. Niliona aibu kuinuka mara ya pili mbele ya watu ambao hata majina yao ya ukoo siyajui.

Saa moja simu yangu ikalia.

"Mutoto yangu, uko wapi?"

"Niko njiani, Mama."

Wale vijana walibana midomo wasicheke. Mmoja alijifunika uso kwa karata. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nilijiona mwenzao.

Saa mbili akapiga tena. "Basi imekawia?"

"Kuna foleni, Mama. Nimekaribia sasa."

Kama ningesema "siji", angewahi kura! Haya niliyajua baadaye kutoka kwa Mzee Kanji. Muda ule ule jirani yao alipita kumjulia hali mzee, akajitolea kukaa naye. Mama Neema akamshukuru akasema hapana, kijana wangu amekaribia, usisumbuke. Jirani akaenda zake. Neno langu moja ndilo lililomfukuza.

Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani chini ya koti la kazi. Amekaa kitini, mkoba mapajani, anatazama mlango. Aliendelea kupiga simu. Mimi nikaizima.

Ilipopita saa tatu, Mzee Kanji akapandwa na hasira. "Mama, nenda kamwite jirani! Huyo mtoto haji!" Mama Neema akamjibu, "Amesema anakuja." Mpaka mzee alipoanza kupiga ukuta kwa fimbo yake ndipo akatoka mbio kumgongea jirani, kisha akakimbilia basi.

Kituo cha kura kinafungwa saa nne. Alifika watu wanang'oa bango ukutani. Akawaonyesha kadi. Wakamwambia pole, madamu, tumeshafunga.

Asubuhi nilipanda ngazi na uongo mpya mkononi. Nikamwambia basi liligongana na lori, simu ikaisha chaji, nikashindwa. Nilitegemea anitukane. Badala yake akanishika kichwa.

"Pole, mutoto yangu. Haukuumia?"

Haukuumia! Aliniuliza mimi!

Halafu akasema neno ambalo limenikaa rohoni kama mwiba wa samaki. "Ni Mungu alifunga ule mulango. Hataki niingie kwa mambo hii." Akatoa kadi kwenye Biblia, akaichana.

Hakupiga kura tena. Ulipokuja uchaguzi mkubwa wa nchi, alikataa. Wenzake wa kanisani walipomsihi, aliwaambia Mungu alikwisha kumjibu. Mtu pekee niliyemjua London nzima aliyeitamani kura ile, nilimgeuza kuwa kama meneja wangu asiyejua hata siku. Kila Jumapili nilikula sombe yake nikanyamaza. Miaka mitano!

Mwezi wa sita mwaka huu kura ya Ulaya imerudi, pamoja na ya meya. Nikapanda ngazi kungali mchana.

"Mama, twende tukapige kura."

"Nenda weye. Miye sigombani na Mungu."

"Siyo Mungu aliyefunga, Mama. Ni mimi."

Nikasema yote. Kinyozi, karata, kicheko, alama kwenye kadi. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka nilipofika kwenye habari ya basi.

"Na ile lori?"

"Hakukuwa na lori."

Akaiweka nguo chini.

"Miaka tano," akasema taratibu. Kisha sauti ikapanda mpaka jirani akafungua mlango. "Miaka tano mi namusingizia Mungu! Mi namwambia kila usiku, Baba, mbona ulinifungia? Na kumbe ni weye! Weye na karata! Unakula kwa sahani yangu na unaniacha nagombeza Mungu!"

Nilianza kusema samahani. Alinipita, akavaa viatu, akachukua koti. Nikamfuata.

"Usinifuate. Askari alisimama kwa sikio yangu, weye usisimame nyuma yangu."

Nilibaki ng'ambo ya barabara, mbele ya ile shule. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka, alisimama mlangoni akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, kichwa juu. Kisha akaondoka bila kunitazama. Nami nikaingia nikapiga yangu, kwa mara ya kwanza. Kajumba kadogo, penseli imefungwa kamba. Ndicho hicho tu. Kitu cha dakika mbili nilimnyima kwa ajili ya kusifiwa na wajinga!

Wale wajinga bado wapo kwa kinyozi. Juzi niliwasikia wakilalamika kuhusu viza. Nilisimama mlangoni nikawaambia wanyamaze, maana hakuna hata mmoja wao aliyeinua mguu siku ya kura. Sauti yangu ilitetemeka, lakini ilitoka. Imechelewa miaka mitano.

Kama wewe hutaki kupiga kura, lala. Hilo ni lako. Lakini usimcheke anayekwenda, na ukiahidi kumshikia mtu nafasi ili aende, mshikie! Na wewe mwenye aibu kama mimi, inuka kwenye kiti. Kicheko chao kitakwisha kabla hujafika kituo cha basi.

Mwezi uliopita nilihamia chumba changu mwenyewe. Nikapika sombe, nikampigia Mama Neema kumwomba aje ale, hata kidogo tu. Sikutegemea apokee. Alipokea.

"Niko njiani, mutoto yangu," akasema.

Niliketi nikitazama mlango mpaka chakula kikapoa. Sikupiga simu tena.