Nasim Alipozima Pijo Korongoni

Watu wa Ng'ambo, mjini Tabora, walizoea kumwona mwanamke nyuma ya cherehani au nyuma ya kaunta ya duka. Nyuma ya usukani walimzoea Nasim peke yake.

Hakujifunza kuendesha gari kwa kutafuta sifa. Baba yake, mzee Abdulrasul mwenye duka, alipatwa na mtoto wa jicho, na siku alipoipandisha pikapu yake ya Pijo kwenye kibaraza cha kinyozi, Nasim alizitwaa funguo na hakuzirudisha tena. Tangu hapo yeye ndiye aliyepeleka chumvi, sabuni na mafuta ya taa vijijini. Mwanzoni wanaume walimcheka. Baadaye wakawa wanamwomba lifti.

Pijo ilikuwa imechoka. Stata ilikufa, na spea haikupatikana Tabora wala Dar es Salaam, kwa hiyo kila safari ilianza kwa kusukumwa. Ndiyo maana mzee Abdulrasul alikuwa na kanuni yake: ukifika mahali, usizime. Acha iungurume.

"Gari lililosimama halili kitu," alikuwa akisema.

Mwaka wa 1974 petroli ikaadimika, foleni za mapipa zikaanza, na Nasim akaanza kuitilia shaka kanuni ile. Alimwendea fundi Lukumani, wakachomoa mpira wa tangi, wakauingiza kwenye chupa iliyojaa petroli na kuining'iniza juu ya injini. Kisha wakaketi kunywa chai huku Pijo ikiunguruma pale pale. Chai haijaisha, chupa ilikuwa imepungua mpaka Lukumani akacheka. Walipopiga hesabu waliona kuwa gari lile likiwa limesimama tu linakunywa karibu lita moja kwa saa.

Nasim alipomweleza baba yake, mzee akasema, "Kumbe miaka yote tunamlisha punda aliyefungwa."

Masika ya mwaka ule Nasim alipeleka mzigo kwenye kijiji kipya cha ujamaa, mbele ya Kwihara. Nyumba nyingi zilikuwa bado hazijaezekwa. Alikuwa anashusha gunia la mwisho la chumvi alipomwona Yoramu, kijana mkulima, anakuja mbio.

"Dada Nasim, mke wangu Koleta ana uchungu tangu jana. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya. Tusaidie, dada."

Nasim hakuuliza mara mbili. Walimlaza Koleta nyuma ya pikapu juu ya magunia matupu, na mama yake, Eustadia, akampakata kichwa. Wanakijiji wakasukuma, Pijo ikawaka. Kabla ya kuondoka Nasim alitumbukiza kijiti kwenye tangi. Kilirudi kimelowa kwenye ncha tu. Ilikuwa petroli ya kumfikisha mjini, na haikuwa na ziada.

Huko juu mvua ilikuwa imenyesha. Walipofika kwenye korongo walikuta maji mekundu yanapita kwa nguvu, yamebeba matawi. Nasim alisimamisha gari kwenye mteremko. Yoramu akaingia majini kupima, akarudi amelowa mpaka kifuani.

"Yanapungua," alisema, "lakini tusubiri."

Wakasubiri. Pijo ikaunguruma. Koleta alipiga ukelele, na Nasim, mikono juu ya usukani, akaikumbuka ile chupa. Akiiacha injini iendelee, petroli ingekwisha kabla ya kuiona Kitete, ilipo hospitali. Akiizima, hapakuwa na kijiji cha kumsukuma. Kulikuwa na Yoramu, mama mtu mzima na mgonjwa. Na mteremko wenyewe uliishia majini.

Alimwambia Yoramu atie mawe chini ya magurudumu. Kisha akazima.

Kimya kilichofuata kiliwatisha wote. "Mwanangu, mbona umezima?" Eustadia aliuliza. "Itawakaje tena huku porini?"

"Itawaka, mama. Niombee tu."

Yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Alishuka, akamshika Koleta mkono, akauachia pale uchungu ulipopoa, akaushika tena. Hawakuwahi kuonana kabla ya siku ile, lakini Koleta alimng'ang'ania kama dada yake. Yoramu alisimama ukingoni akiangalia jiwe moja kubwa. Lilipochomoza juu ya maji, akainua mkono.

Nasim aliingia garini, akakanyaga klachi na kutia gia ya pili. Yoramu akaondoa mawe. Pijo ikaanza kuteremka, kwanza polepole, kisha kwa kasi. Akaachia klachi. Gari likashtuka, likakohoa, likanyamaza. Maji yalikuwa yamekaribia. Akakanyaga tena, akaliacha lichukue mwendo, akaachia.

Likawaka.

Liliingia korongoni likinguruma na kurusha maji huku na huku, na kupanda upande wa pili likiteleza kama ng'ombe kwenye tope. Yoramu alilifukuza kwa miguu, akarukia nyuma. Eustadia alipiga vigelegele mpaka Koleta mwenyewe akacheka katikati ya maumivu.

Kitete walifika jua likiwa bado juu. Wauguzi walimpokea Koleta kwa machela, na Nasim akakaa kwenye ngazi na wenzake wawili. Hakukumbuka kuwa ameacha injini inawaka. Nje, Pijo iliunguruma mpaka ikameza tone la mwisho, ikazimika yenyewe. Alisikia, akatabasamu, akabaki pale pale.

Mlango ulipofunguliwa, muuguzi alisema maneno machache tu: "Wote wazima. Wa kiume."

Yoramu alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Eustadia alimkumbatia Nasim na gauni lake lenye matope, akimwaga baraka kwa Kinyamwezi.

Nasim alirudi Ng'ambo kwa miguu, viatu mkononi. Baba yake, aliyekuwa amekaa kibarazani akisikiliza kila gari linalopita, alizitambua nyayo zake.

"Gari liko wapi?"

"Limelala Kitete, Baba. Tangi limekauka."

"Umepata ajali?"

"Hapana. Nilimpeleka mzazi. Amejifungua salama, yeye na mwanawe."

Mzee Abdulrasul alivuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. "Alhamdulillahi," alisema. "Njoo unawe, mwanangu. Chakula kinapoa."