Dumu la Mkwe

Marehemu Nthiwa alimrudia Kalekye kanisani, mchana kweupe. Mkwewe Mbithi, aliyemwoa binti yake Kanyiva, alikuwa ameketi upande wa wanaume. Alipogeuka kumpisha mtu kwenye benchi, Kalekye akaona kope zimevimba na mashavu yamejaa maji. Ndivyo uso wa mumewe Nthiwa ulivyokuwa kila asubuhi, mwaka ule figo zilipomuua.

Akaacha kuimba.

Akajituliza kwa kukumbuka kwamba Mbithi alikuwa amepimwa. Kalekye mwenyewe ndiye aliyebeba mkojo wake.

Tangu mwanzo wa mwaka Kalekye alikuwa ameajiriwa na utafiti wa figo, kule mabondeni chini ya mji wa Kikima. Watafiti walitaka kujua kama jua na kiu vinawaharibia figo wachimba mchanga. Kila mchimbaji alipewa dumu, akaweka humo mkojo wa mchana na usiku. Asubuhi Kalekye alilipitia, akalipeleka kwa daktari Ngure likapimwe. Wenye haya aliwatania: "Nimelea watoto saba. Mkojo wako utaniambia nini kipya?"

Kwa Mbithi, naye mchimbaji, hakutania. Mtu na mama mkwe wake hawapeani hata mkono. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya wakwe, na Kalekye hakuwahi kuivunja. Aliita kutoka kwenye ua, akalikuta dumu limetundikwa langoni, limefunikwa leso. Akaona adabu imetimia. Majibu yalirudi safi kabisa.

Baada ya ibada alimfuata Kanyiva jikoni kwake.

"Lile dumu la mume wako alilijaza nani?"

Kanyiva aliendelea kuchambua ndengu. "Mwaitu, mama yangu, hata wewe! Ulitaka akubebeshe mkojo wake? Mtu ambaye hata kukusalimia lazima kwanza akohoe?"

"Nimeuliza alijaza nani."

"Ni mimi." Vidole vikasimama kwenye ungo. "Alisema afadhali afe kuliko mama mkwe achungulie dumu lake. Tulicheka, Mwaitu. Tukasema mkojo ni mkojo."

Kalekye alivuka uwanja hadi mlango wa nyumba kubwa, mahali ambapo hakuwahi kusimama.

"Mbithi."

Kitanda kililia. "Nani?"

"Ni mimi. Kesho asubuhi utanipa mkojo wako mwenyewe, mkononi."

"Mama, hilo jambo halifanyiki."

"Baba yake Kanyiva naye alikuwa mtu wa haya. Alificha miguu yake iliyovimba ndani ya gambuti za mpira mpaka zikakataa kuvulika. Sitazika wawili."

Asubuhi Mbithi alitoka na chupa, uso ameugeuzia ukutani. Mkono uliomkabidhi ulikuwa umevimba, na Kalekye akaipokea chupa kama mtu anayepokea kitu cha moto.

Ngure hakukawia kuwaita hospitalini. Mbithi akatolewa damu, akapigwa picha ya figo, kisha daktari akamwita Kalekye pembeni, kwenye ujia.

"Mama Kanyiva, huu si mkojo wa yule tuliyempima. Protini imejaa. Na figo zenyewe zimesinyaa."

"Si kuna dawa?"

"Ipo. Itapunguza mwendo wa ugonjwa. Lakini sehemu iliyokufa hairudi. Tungempata wakati ule wa kwanza..."

Alivua miwani akaanza kuisugua kwa ncha ya koti lake jeupe, na Kalekye akabaki na sentensi ile ikining'inia masikioni.

Nje, Mbithi na Kanyiva walikuwa wamekaa kwenye benchi. Mbithi aliinuka, na kwa mara ya kwanza tangu aoe, akamtazama Kalekye usoni.

"Amesemaje, Mama?"

"Umeze dawa kila siku. Na shimo la mchanga uliache."

"Nikizimeza nitapona?"

Nthiwa naye aliwahi kumuuliza hivyo, kwa sauti ileile ya mtu anayeomba asiambiwe ukweli. Kalekye alifungua mkoba, akatafuta ndani yake kitu ambacho hakikuwamo.

"Twendeni tuchukue dawa," alisema, "kabla hawajafunga dirisha." Akatangulia, asije akaulizwa tena.