Askofu Aliyembana Mfalme

Mwalimu wetu wa historia pale Msambweni alikuwa Mduruma, Mkristo mpole aliyefundisha watoto wa Kiislamu bila kuigusa dini yetu. Asubuhi moja alitusimulia habari za askofu mkuu wa kale wa Uingereza. Mfalme wa wakati ule alikuwa akifunga watu apendavyo na kutwaa mali zao. Askofu akawakusanya wakubwa wa nchi, akawaonyesha ahadi ya mfalme wa zamani iliyokuwa imesahauliwa, akasimama nao mpaka mfalme akatia muhuri mkataba: mtu huru asifungwe ila kwa hukumu ya sheria.

Maneno hayo yaliniingia, kwa kuwa baba yangu alikuwa rumande Kwale. Mudiri, aliyetutawala kwa niaba ya Waingereza, alikuwa akiwatoza watu kazi ya kumbebea mawe ya nyumba yake bila ujira. Baba alikataa, askari wakamchukua. Hakufikishwa kortini. Mama alikuwa akipanda kilima kwenda Kwale na chakula, na akirudishwa nacho.

Haukupita muda, bwana shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, akaja kukagua shule, mudiri nyuma yake. Aliuliza nani angemsimulia jambo la historia. Nikasimama, nikamweleza yule askofu. Alifurahi, akawatazama wenzangu kama anayewaambia waige. Ndipo nikauliza.

"Bwana, baba yangu amefungwa Kwale bila hukumu. Sheria hiyo haifiki huku?"

Mudiri alimnong'oneza. Laiti bwana shauri angekasirika! Alicheka. Kwa Kiswahili safi alisema sheria ile ilitaja mtu huru, akaniuliza nani aliyeniambia kuwa baba yangu ni mtu huru. Kisha akataka kujua nani aliyefundisha somo hilo. Mwalimu akajitokeza.

"Umemfundisha nusu," bwana shauri akamwambia. "Mmalizie."

Akampa henzirani.

Mwalimu alinipiga taratibu. Mudiri akasema fimbo hizo hazihesabiwi, aanze upya. Akaanza upya. Wenzangu waliamriwa kutazama, na aliyeinamisha kichwa aliinuliwa kidevu na askari. Bwana shauri alikuwa akiwasha kiko chake. Shati lilipoanza kushika damu nilimsikia mwalimu akihema kama yeye ndiye anayepigwa, lakini mkono wake haukusita tena.

Nilifukuzwa shule. Mwalimu alihamishiwa bara, na sikumwona tena. Baba alitoka baada ya mvua za masika, sikio moja halisikii, na siku ileile akapelekwa kubeba mawe. Safari hii hakukataa. Jioni nilimsimulia yaliyonipata. Hakunilaumu wala hakunisifu. Aliuliza tu, "Na huyo askofu, walimfanya nini?"

Sikujua. Nilikuja kusoma mwenyewe nikiwa mtu mzima, nikarudi kumweleza. Mfalme alimpelekea Papa wa Roma malalamiko, mkataba ukabatilishwa kabla wino haujakauka vizuri, na askofu akasimamishwa kazi. Mfalme alipokufa ndipo mkataba ukafufuliwa, na askofu naye akarejea.



"Kwa hiyo ilibidi wamngoje afe," Baba akasema.

Mudiri alikuwa hai bado, na alikuwa akiongeza vyumba kwenye nyumba yake ya mawe.