Idi ya Mwanahawa Mlimani

Asia alianza kuyapanga matembezi yale tangu mwezi wa Rajabu. Mumewe, Stambuli, alikuwa akivunja mawe kwenye reli ya Wajerumani, na msimamizi alishawaahidi mapumziko ya Idi. Wangepanda wote mlimani kwa mama yake Asia: watoto wake wawili aliokuja nao kwenye ndoa hii, Dadi na yule wa mgongoni, pamoja na Mwanahawa, binti wa Stambuli, aliyefiwa na mama yake mwaka juzi.

Mwanahawa ndiye aliyemnyima usingizi. Mtoto hana ukaidi. Anasalimia, anakula, basi. Na mjomba wake, Salehe, kaka wa marehemu, alikuwa ametuma neno kwamba siku ya tatu ya Idi atapita hukohuko mlimani kumwona. Akimkuta mnyonge, anaondoka naye. Stambuli asingeweza kusema kitu. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli.

Basi Asia akawapa wauza ndizi salamu za kupeleka juu: "Mwambieni mama, huyo mtoto ampokee kwa heshima zote."

Na mama yake akampokea kweli. Dadi, kabla hata hajatua kifurushi, aliambiwa, "Wewe kichwa boga, kuni zitajileta zenyewe?" Mwanahawa akatandikiwa mkeka mpya na kuletewa maji ya kunawa. Kuku alipopikwa, firigisi ikawa yake. Wenzake waligombania mchuzi kwenye sinia moja. Yeye alikuwa na bakuli lake. Alipoinuka kuwafuata wasichana mtoni, bibi akamrudisha. "Kaa, mwanangu. Mgeni wangu hachoti maji."

Akakaa. Wenzake waliteleza mteremkoni juu ya magome ya mgomba, wanaanguka, wanatukanana, wanacheka. Yeye alikuwa mkekani na nguo yake safi.

"Umeona?" Stambuli alisema. "Ametulia kama bibi harusi."

"Ametulia mno, baba Mwanahawa."

Jioni ya pili Asia alikuwa anamsuka. "Huku pazuri?"

"Pazuri."

"Kesho nikupikie nini?"

"Mjomba anakuja asubuhi?"

"Unataka kwenda naye?"

"Kwa mjomba mimi natwanga. Nachota na maji."

Mkono wa Asia ukasimama katikati ya msuko. Salamu zile za heshima alizituma yeye mwenyewe.

Asubuhi alimwamsha kwa kumvuta shuka. "Chukua mtungi wa bibi, fuatana na wenzio. Na usizubae."

"Asia, mgeni huyo," mama yake alinong'ona.

"Mama, niachie."

Mwanahawa alitoka mbio. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka kifuani, mikono mitupu. Ameteleza kwenye jiwe, mtungi umepasuka.

"Si kitu," bibi akasema upesi. "Mgeni hagombezwi."

Asia akauona uso wa mtoto ukizimika. Alijua Salehe yuko njiani. Hata hivyo akamsogelea.

"Macho uliyaweka wapi, wewe? Mtungi wa mama yangu! Leo hii utakwenda kuchimba udongo, bibi akufundishe kufinyanga mwingine. Na hakuna kucheza."

Mwanahawa akaangua kilio, kilio kirefu ambacho nyumbani kwa Asia hakijawahi kusikika. Salehe alikuwa tayari amesimama mdomoni mwa njia, fimbo mkononi. Hakuna aliyekumbuka kumwamkia.

"Nani kamliza mtoto wetu?"

"Nimevunja mtungi wa bibi," Mwanahawa alisema, akifuta kamasi kwa kiganja.

"Kusanya nguo zako, twende."

"Siwezi, mjomba. Nimeambiwa nikachimbe udongo. Bado sijachimba."

Salehe akamtazama mtoto, kisha akamtazama Asia kwa muda mrefu, kama mtu anayepima mzigo asiojua ataubebaje.

"Haya, chimba," alisema mwishowe. "Mahindi yakishavunwa nitakuja kumuuliza tena."

Dadi na Mwanahawa wakateremka na jembe, wakigombana nani alibebe. Asia akakaa chini, palepale kwenye vumbi. Mahindi yalikuwa yameshaanza kutoa ndevu.